Modeli ndogo ya kupima hisia za wateja kwa Kiswahili: ulipie ipi?

Ukiwa na maelfu ya maoni ya wateja, usilipie modeli kubwa (programu ya akili bandia inayosoma na kuandika lugha) isome kila ujumbe, leo na kesho. Ilipie mara moja iwe mwalimu: iwekee mifano elfu chache lebo ya hasi, kawaida au chanya, kisha modeli ndogo, yaani mwanafunzi, ijifunze kwayo. Kuanzia hapo kazi inafanyika kwenye kompyuta yako, na maneno ya wateja hayatoki ofisini.

Kwa mwanafunzi, naiweka AfriBERTa ya kwanza. Ilitoka 2021, imefunzwa kwa lugha 11 za Afrika, Kiswahili kikiwemo, na toleo lake dogo lina vigezo (namba ambazo modeli hujifunza) milioni 97. Hata hivyo, kilichonivuta si udogo wake. Kiswahili hukanusha ndani ya kitenzi: "hawajanirudishia" ni lalamiko zima kwa neno moja, na modeli isiyoizoea lugha yetu hulikatakata ovyo.

Ya pili ni AfroXLMR-base. Ni nzito zaidi, lakini imenolewa kwa lugha 17 za Afrika pamoja na Kiingereza, Kifaransa na Kiarabu. Wateja wako wakichanganya Kiswahili na Kiingereza, anza na hii.

Ya tatu ni DistilBERT ya lugha 104. Ina vigezo milioni 134, na sehemu kubwa ni msamiati wa lugha usizozihitaji. Ile sifa ya DistilBERT ya kubakiza asilimia 97 ya uwezo wa BERT, modeli ya Google iliyopunguzwa kuiunda, ilipimwa kwa Kiingereza.

Pesa yako nyingi iende kwa mwalimu. Chagua anayekupa uwezekano, si jibu tupu: "hasi 70, kawaida 25, chanya 5" humfundisha mwanafunzi kuliko neno "hasi" peke yake. Mtafiti wa akili bandia Geoffrey Hinton na wenzake walilieleza hilo 2015.

Halafu mlipe mtu anayekijua Kiswahili cha mtaani aweke lebo ujumbe 300 kwa mkono, uwe mtihani. Mwalimu wangu, yaani ile modeli kubwa, aliwahi kuusoma "Asanteni sana kwa kunikata hela mara mbili" akaandika chanya. Bila mtihani ule, mwanafunzi angelirithi kosa hilo nami nisijue. Ukikosa bajeti, AfriSenti, mkusanyiko wa data wa 2023, ina twiti za Kiswahili zilizowekewa lebo na watu, bure.

Kabla ya kulipa, soma masharti: baadhi ya watoa huduma wanakataza majibu yao kutumika kujenga modeli shindani. Mwalimu mwenye leseni huria unayemwendesha mwenyewe hukuepusha na hilo.