Bata mzinga wa sikukuu: mzima, aliyepasuliwa au wa kukaangwa kwenye mafuta?

Kwa bata wa kilo 5 hadi 6, njia inayoshinda ni kumpasua. Toa uti wa mgongo kwa mkasi wa jikoni, mgeuze, kandamiza kidari kwa viganja mpaka usikie mfupa ukivunjika na alale bapa. Oveni ikiwa nyuzi 220, dakika 80 hadi 90 zinatosha, na ngozi inatoka kavu, inavunjika kama kaukau.

Kumwoka mzima kwa nyuzi 165 kunakula saa 3 au zaidi. Anapendeza mezani, lakini kidari huiva kabla ya mapaja. Ukisubiri mapaja, kidari kinakauka.

Mafuta ya nyuzi 175 hutoa nyama tamu, yenye majimaji yake, kwa dakika 8 hivi kila kilo. Hatari yake ni kubwa: barafu ikibaki tumboni, mafuta hufoka na kushika moto. Myeyushe kwenye friji siku 3, mkaushe, kaangia nje, na uzime jiko unapomtumbukiza.

Kwenye oveni, mpake chumvi tangu jana yake, kijiko cha chai kwa kilo. Kipimajoto kisome 74 kwenye paja bila kugusa mfupa.