Gauni nalivaa, lakini patani hii bado sijaisamehe

Shingo ya gauni hili nimeifumua mara tatu ndani ya siku mbili. Anayekijua kitani ataelewa uchungu wangu, maana kitani hakipendi kufumuliwa. Kila ukichomoa mshono ukingo unachambuka nyuzi, na patani hii, yaani michoro ya karatasi ninayokatia kitambaa, imeacha nafasi ya mshono ya sentimita 1 tu. Nilipomaliza kufumua mara ya tatu, sehemu nyingine za shingo zilikuwa zimebakiwa na nusu ya hiyo. Nikakaa na gauni mapajani, sina hamu hata ya kuwasha cherehani, nikiamini kwamba ni mikono yangu iliyoharibu. Haikuwa mikono yangu. Kosa lilikuwa kwenye karatasi, na aliyeichora, nilipomweleza, alinijibu majibu ambayo mpaka leo yananiwasha.

Ni gauni la msimu wa joto, halina mikono, shingo ya mviringo iliyoshuka kidogo, dati mbili kifuani (vile vikunjo vilivyoshonwa ili kitambaa kifuate umbo), zipu mgongoni, kisha sketi ya marinda yenye mifuko. Patani yake inauzwa na mbunifu anayejitegemea: unalipa, unapakua faili, unachapisha na kuunganisha karatasi kwa gundi. Jina lake silitaji. Niliinunua jua lilipoanza kuwaka, kwa sababu nilikuwa na kitani cha kijani nilichokitunza kabatini muda mrefu sana nikisubiri gauni linalokistahili.

Kuchapisha hakukunisumbua. Niliondoa ule mpangilio unaobana ukurasa utoshee karatasi, nikachapisha kwa asilimia 100, nikapima mraba wa majaribio, ule unaochorwa ili ujue kama uchapishaji umetoka kwa kipimo sahihi: sentimita 5 kwa 5, haukuzidi wala kupungua. Ukumbuke mraba huo.

Nikashona kwanza sehemu ya juu ya majaribio kwa kitambaa rahisi cha marekani, na hapo niseme ukweli, nilifurahi kupita kiasi. Nimeshona miaka mingi na karibu kila patani inanilazimu nipunguze bega na kuongeza kifua. Hii ilinikaa kana kwamba nimesimama mbele ya mchoraji akinipima. Dati zinaishia kama sentimita 2 kabla ya ncha ya kifua, ndiyo maana hazitoi kile kichongo kinachoharibu magauni mengi. Nilijigeuza mbele ya kioo huku na huku. Sifa za kumwandikia zilikuwa tayari kichwani. Lakini kwenye jaribio huwa sishoni fesingi, yaani kile kipande kinachoshonwa shingoni kisha kikageuzwa ndani. Unajaribu mwili, basi. Kwa hiyo kosa likanisubiri kwenye kitani.

Kitani nilikifua na kukipiga pasi kwanza, kinywee kabisa kabla ya mkasi. Nikalaza mshale wa patani sambamba na mtande, yaani nyuzi za urefu wa kitambaa. Nilipomaliza tu kukata shingo, nikapitisha mshono mmoja wa kuishikilia, milimita chache kutoka ukingoni, kwa sababu kwenye mviringo kuna mahali nyuzi zimekatwa hanamu, yaani kimshazari, na hanamu hujivuta hata kwa uzito wa kitambaa chenyewe. Naeleza haya yote kwa kuwa baadaye niliambiwa nimeivuta shingo.

Fesingi ya mbele haikufika. Nilianzia katikati, alama kwa alama, nikachomeka pini kuelekea begani, na fesingi ikaishia zaidi ya sentimita nzima kabla ya mshono wa bega. Upande wa pili vivyo hivyo. Nikajilaumu, kama tunavyojilaumu wote. Nikaivuta fesingi itoshe, nikashona, shingo ikajikusanya kama mdomo wa mfuko wa kamba. Nikafumua. Nikaichanja ukingoni ifunguke zaidi, nikashona, mabega yakanyanyuka na kifua kikatoa mkunjo uliotoka katikati mpaka kwapani. Nikafumua. Mara ya tatu nikapiga bandi kwa mkono, taratibu, usiku, nikidhani kilichokosekana ni subira, ndipo nikapitisha mashine. Asubuhi nilipoitazama kwenye mwanga nikafumua tena.

Ndipo nikaacha kitambaa nikarudi kwenye karatasi. Nikasimamisha futikamba kwa ubavu wake ili ifuate mviringo, nikaitembeza juu ya mstari wa mshono wa shingo kwenye kipande cha mbele, kisha kwenye fesingi yake. Vipimo viwili hivi lazima viwe sawasawa, maana fesingi ni nakala ya shingo na haina kazi nyingine. Tofauti ilikuwa milimita 12. Na kwa kuwa karatasi ni nusu tu, kipande kinakatwa kwenye kitambaa kilichokunjwa, shingo nzima ya mbele ilikuwa imepungukiwa sentimita 2.4. Hakuna mkono wa mshonaji unaoweza kuziba pengo hilo, awe mstadi namna gani.

Bahati nilikuwa nimechapisha saizi zote zikiwa ndani ya nyingine. Kwenye kipande cha mbele mistari inatengana vizuri shingoni, kuanzia 6 hadi 26. Kwenye fesingi inatengana mpaka 12, halafu basi. Kuanzia 14, mistari yote ya shingo imelala juu ya ule wa 12. Nilikuwa nimeuona mwanzoni nikadhani ni mstari mmoja mnene, wino umezidi. Kila saizi ilitakiwa iongezeke milimita 3. Mimi ni saizi 20, yaani hatua nne kutoka 12. Tatu mara nne, kumi na mbili. Hesabu ilivyokaa sawa hivyo nilitetemeka kwa hasira, kwa sababu nilikumbuka kitani changu kilivyochambuka.

Wanaochora patani huanza na saizi moja ya msingi, kisha huikuza na kuipunguza hatua kwa hatua mpaka zipatikane nyingine zote. Kipande kimoja kikisahaulika katikati ya kazi hiyo, saizi za juu zinabaki na kipande kisichokuwa chao. Naelewa inavyotokea, na mtu anayefanya kazi peke yake bila kampuni nyuma yake anaweza kuchoka. Lakini saizi ndiyo bidhaa yenyewe! Ebenezer Butterick, fundi cherehani wa Marekani, alipoanza kuuza patani za karatasi mwaka 1863, kilichowavuta watu ni kwamba zilikuja kwa saizi, mtu hakuhitaji tena kukuza mchoro wa gazetini kwa kubahatisha. Ukiniuzia saizi 20 ambayo ndani yake kuna fesingi ya saizi 12, umeniuzia kubahatisha kulekule.

Nilimwandikia kwa upole. Sikudai pesa zangu. Nilisema nimependa mchoro, nikaeleza vipimo, nikaomba aangalie. Jibu lilikuja baada ya siku kadhaa, likaanza na “mpendwa mteja”. Kwamba huenda nilichapisha kwa kipimo kisicho sahihi. Kwamba huenda nimeivuta shingo wakati wa kushona, jambo la kawaida kwa wanaoanza. Kwamba waliomjaribia patani hawakupata shida yoyote. Na mwisho, kwamba nikumbuke miili mikubwa mara nyingi huhitaji marekebisho.

Nimeisoma sentensi hiyo ya mwisho mara nyingi. Sikulalamika kwamba gauni halinitoshi. Lilinitosha, nilimwambia hivyo, nikamsifu. Nilichomwambia ni kwamba karatasi yake moja haifanani na karatasi yake nyingine. Mwili wangu umeingiaje hapo? Karatasi zote mbili zilikuwa mezani, hakuna aliyezivaa. Na huo uchapishaji, kama ungekosewa, mbele na fesingi vingepungua pamoja na vingeendelea kulingana. Mtu anayechora patani kwa riziki yake analijua hili kuliko mimi. Aliliona jina la saizi yangu akaacha kusoma.

Hao waliojaribu nao, mimi nawaamini kabisa. Aliyeshona 8, 10 au 12 hakuwa na namna ya kukutana na kosa hili. Hakuna wa saizi za juu aliyeishona fesingi ile mpaka mwisho, au kama alikuwepo alivuta kitambaa akanyamaza, akidhani ni mikono yake. Asiyekuwepo na lake halipo. Saizi zetu zimeandikwa kwenye tangazo, tumelipa sawa na wengine, lakini wakati wa kuangalia kama kazi ni sahihi hatukuwa mezani.

Nikamwandikia tena, na picha za mistari iliyolaliana. Kimya.

Gauni nililiokoa. Nilikata ukingo wote uliochambuka, nikatoa mkanda wa hanamu kwenye mabaki, upana sentimita 3.5, digrii 45 barabara, nikauzungusha shingoni na kuugeuza ndani, kisha nikaushona kwa mkono. Shingo imekuwa pana kuliko alivyochora. Na limependeza, sitasema uongo. Limependeza kuliko magauni yote niliyowahi kujishonea. Mifuko yake imeshikwa juu kwenye mshono wa kiuno, kwa hiyo hata ukiweka funguo uzito unaning'inia kiunoni, mshono wa ubavu hauvutwi. Marinda ameyapunguza mbele na kuyajaza nyuma, tumbo halivimbishwi, ukitembea sketi inakufuata. Huyu mtu ana kipaji. Nililivaa siku tatu mfululizo, na siku ya tatu niliketi nikiwa nimeamua kumpa nyota nne, yaishe.

Kabla ya kuandika nikapakua faili upya, nihakikishe namsema kwa haki. Mistari ya fesingi imetengana. Yote, mpaka 26. Amerekebisha. Alisoma barua yangu ya pili, akaona picha, akajua, akakaa kurekebisha, na hakunijibu hata neno moja. Hakuwaandikia walionunua pia, maana mimi ni mmoja wao na sikupata kitu. Wapo watu muda huu wana faili la zamani kwenye kompyuta zao na kitambaa kizuri mezani, na watafumua kama nilivyofumua, na kujilaumu kama nilivyojilaumu. Nyota nne zimetoka wapi? Nampa mbili. Moja ya kiuno, moja ya mifuko.

Ukiwa saizi 12 au chini, patani hii ni nzuri mno, sina cha kukuonya. Ukiwa juu ya hapo na uliinunua zamani, toa karatasi ya fesingi ya mbele kabla hujashika mkasi, angalia shingoni kama mistari imelaliana. Kama ulichapisha saizi yako peke yake hutaona chochote, kwa hiyo pima. Ikipungua usihangaike nayo: weka kipande cha mbele juu ya karatasi safi, fuata shingo na bega kwa penseli, shuka sentimita 6, kata. Hata dakika kumi haifiki. Kama bado hujainunua, sijui nikwambie nini. Nikiwa nimelivaa nakwambia inunue. Nikikumbuka ile barua nakwambia hapana.

La pili nimeshalikata, la pamba, kwa faili jipya lililorekebishwa. Fesingi nimeichora mwenyewe.