Nimelala Juu ya Banda la Mashua, Ine

Nilikuwa na mapumziko ya siku nne mwezi Machi, na wenzangu kazini Osaka wakanishauri niende Tokyo. Mimi mtoto wa Pangani, pwani ya Tanzania, miji mikubwa imeshanitosha. Nikapanda treni hadi Amanohashidate, kisha basi linaloambaa pwani kwa kama saa nzima, likanishusha Ine, kwenye rasi ya Tango. Ni mkoa wa Kyoto huohuo, ila huku hakuna msongamano wa mahekalu. Huku ni samaki.

Ine ni ghuba iliyozungukwa na nyumba za mbao ziitwazo funaya, kama 230 hivi, zimebanana ukingoni kabisa mwa maji. Chini ni banda la mashua, juu ni chumba. Zamani huko juu ziliwekwa nyavu na zana, wenyewe wakiishi nyumba kubwa ng'ambo ya barabara. Siku hizi baadhi zimekuwa nyumba za wageni. Niliyolala mimi siitaji, maana nina ya kuilalamikia.

Kwanza lililoniduwaza. Nilifika alasiri, nikatia alama kwa macho kwenye jiwe lililoota mwani pale bandani. Saa tatu usiku nikachungulia: maji yako palepale. Alfajiri, palepale. Kwetu likija bamvua, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Ukijenga namna ile, mchana ngalawa yako italala ubavu matopeni, na usiku utaamka godoro linaelea. Ine tofauti ya kujaa na kupwa ni nusu mita tu, kwa sababu Bahari ya Japani imeungana na bahari kuu kwa milango myembamba yenye kina kifupi. Juu ya hayo, ghuba inatazama kusini, milima imeikinga pande tatu, na kisiwa cha Aoshima kimekaa mlangoni kinavunja mawimbi. Wanaoshuka basini wakapiga picha na kuondoka baada ya saa mbili, hili haliwapati. Huwezi kujua kwamba maji hayasogei mpaka ukae uyangoje.

Basi nilikaa. Siku ya pili niliazima baiskeli, nikaizunguka ghuba, kilomita kama 5, nikasimama kila niliposikia harufu ya samaki wa kuanikwa. Nilipita nje ya kiwanda cha pombe ya mchele kilichopo tangu 1754. Wanaokunywa watawasimulia wao. Boti ya watalii ipo pia, nusu saa hivi, shakwe wakiwapokonya abiria vitafunio. Mara moja inatosha.

Sasa malalamiko. Ngazi ya kupandia chumbani imesimama wima kama ya kupandia dari. Mwenye magoti mabovu au sanduku kubwa asijaribu. Usiku baridi inapenya kati ya mbao, na jiko la mafuta ya taa lililoko lazima lizimwe kabla ya kulala. Kubwa zaidi, hakuna aliyenitahadharisha kwamba chakula cha jioni hakimo kwenye bei, na kwamba sehemu za kula hufunga mapema mno. Usiku wa kwanza, kwa yeni 24,000 nilizolipa, nilikula tambi za kikombe huku nikisikia samaki wakirukaruka chini ya sakafu. Iliniuma.

Asubuhi bibi mwenye nyumba alinikabidhi ndoo, akanionyesha upande wa bandari. Mashua zikirudi, wenyeji huenda na ndoo zao kununua palepale, kabla samaki hawajapelekwa mbali. Msimu wa buri, yule mkubwa wa jamaa ya kolekole anayeipa Ine sifa, ulikuwa unaishia. Nilipata ngisi wawili. Kwenye begi nilikuwa na kopo la tui kutoka Osaka (Mpwani hasafiri mikono mitupu), nikapika ngisi wa nazi, nikampelekea bibi bakuli. Naye akanirudishia bakuli lile na vipande vya heshiko: samaki wa ukoo wa vibua, aliyetiwa chumvi na kuvundikwa ndani ya pumba za mchele kwa miezi mingi. Kali hiyo! Kipande cha ukubwa wa ukucha kinamaliza sahani ya wali.

Kwa hiyo nendeni, lakini mlale usiku mbili au zaidi, mbebe chakula cha jioni ya kwanza, na muulize mapema kuhusu ngazi.

Asubuhi ya kuondoka nilimkuta mzee jirani akivuta kamba mbele ya banda lake. Mwisho wa kamba, mtego. Wao huuita mondori. Mimi niliona dema, tena la matumizi yaleyale, la kitoweo cha nyumbani. Kwa Kijapani changu cha kuungaunga nikamweleza habari za bamvua la Pangani. Hakuniamini. Akaweka kiganja ukutani, usawa wa kiuno: mpaka hapa? Nikamwambia apandishe. Akapandisha hadi begani, kisha kichwani. Nikamwonyesha boriti za dari, na pale juu nilikokuwa nimetandika godoro.

Mzee akacheka, akalitumbukiza dema lake majini.