Uzoefu wangu na kitabu kikuukuu cha kushona, kufuma na bustani, hapa Lubumbashi, Kongo

Jina la kitabu hiki siwezi kuwapa. Jalada lilishang'oka kabla hakijanifikia, na kurasa za mwanzo zimeondoka nalo, pamoja na jina la mwandishi na mwaka wa kuchapwa. Ni cha Kifaransa, kinene, cha zile nyumba za vitabu za Ulaya zilizoamini kwamba mama mmoja anaweza kujua yote: kushona, kufuma, krosheti, bustani ya mboga, konfitiri (jamu), hadi kufungia chakula kwenye bokali (chupa pana za kioo). Ukitazama suruali zilizopanuka chini kwenye picha zake, unaona wazi ni za miaka ya 1970.

Nilikikuta kwa wale vijana wanaotandika vitabu chini karibu na Posta. Kijana alitaka faranga elfu ishirini. Nikamwambia kitabu chenyewe hakina hata kichwa. "Mama, kichwa hakishoni nguo," akanijibu. Nikacheka, na ukishacheka mbele ya muuzaji, bei haishuki tena sana. Tukaachana kwa elfu kumi na tano.

Ninaandika maoni haya kwa sababu vitabu vya aina hii vipo vingi mjini, na mabinti wa mtaani kwetu Katuba wananiuliza kama vinafaa nyumba zetu. Nina mashini ya miguu, nina bustani ndogo nyuma ya nyumba, ninapikia mbabula, yaani jiko la makaa, kama wengine. Jibu langu ni kwamba kinafaa, ila si kila sura, na sura moja ni ya hatari kabisa. Nitaifikia.

Sehemu ya kushona peke yake imenirudishia pesa yangu. Patroni, yaani vielelezo vya kukatia nguo, zimechorwa ndogo juu ya miraba, na kila mraba unasimama badala ya sentimita 5, kwa hiyo unachora miraba mikubwa kwenye karatasi yako kisha unafuata mstari mraba kwa mraba. Karatasi ninayotumia ni ile ya ndani ya mfuko wa simenti: ni ngumu, ni pana, haichaniki ovyo, na kwenye nyumba zinazojengwa wanaitupa. Ipigepige kwanza nje vumbi litoke. Sketi ya kwanza niliyomkatia binti yangu kwa njia hii ilimkaa vizuri kiunoni kuliko zile ninazokata kwa macho, na mimi kwa macho nimekata miaka mingi.

Lakini kuna jambo mwandishi alipaswa kuliandika kwa herufi kubwa kwenye kila ukurasa, naye akalisema mara moja tu, mwanzoni mwa sura, kwa herufi za mchwa: patroni hazina nafasi ya mshono. Lazima uongeze mwenyewe, sentimita moja na nusu pembeni na nne kwenye pindo la chini. Anayefungua kitabu moja kwa moja kwenye gauni analolitaka, na nani hafanyi hivyo, atakata nguo ya mdogo wake.

Tatizo jingine ni kitambaa. Michoro ya kupanga patroni inahesabu kitambaa chenye upana wa sentimita 90 au 140. Kikwembe chetu, yaani kitenge, kina upana wa kama sentimita 115 hadi 120, kwa hiyo michoro hiyo yote unaiweka kando na kupanga upya mezani. Tena kitabu kinafikiria kitambaa cha rangi moja. Ili kubana kitambaa, kinageuza kipande kimoja kichwa juu na kingine kichwa chini. Jaribu hivyo kwenye kikwembe chenye ndege uone: mbele ndege wanaruka, mgongoni wanaanguka. Bahati yetu ni kwamba pisi nzima ya yadi 6, yaani karibu mita tano na nusu, inatosha libaya (blauzi) na vikwembe viwili vya kujifunga bila kubanabana hivyo. Ukinunua yadi mbili tu ndipo hesabu inakuwa kali.

Kurasa ninazozipenda kuliko zote ni za sindano ya mkono. Tundu la kifungo lililoshonwa kwa mkono limeelezwa kwa picha moja baada ya nyingine, polepole, mpaka hata mtoto wa darasa la sita anaelewa. Halafu kuna kuziba tundu la triko (sweta). Watu wengi wanakusanya kingo za tundu na kuzivuta pamoja, basi kiwiko cha triko kinabaki na kovu gumu. Kitabu kinakwambia utandike nyuzi za urefu kwanza, kuanzia pale ambapo ufumaji bado ni mzima, kisha upitishe nyuzi za upana juu, chini, juu, chini, kama kusuka mkeka. Kinataka pia uache vitanzi vidogo kila unapogeuka ukingoni, kwa sababu uzi mpya wa sufu hunywea ukifuliwa. Hapo mimi sikifuati. Uzi tunaoupata sokoni ni akriliki, haunywei, na vile vitanzi vinabaki nje vinanasa kila kitu. Suruali za bluu za shule nazo zimepona magoti kwa ukurasa wa viraka ulio karibu na hapo.

Akriliki inaleta tofauti nyingine ambayo kitabu hakiitaji, na hii ni ya kuangalia sana. Kinasema kazi ya kufuma ikiisha utandaze kitambaa chenye unyevu juu yake na upige pasi ya moto. Kwa sufu ni sawa. Akriliki ikipata moto na mvuke namna hiyo inalala, inapoteza mwili wake wote, na hairudi tena. Kwa pasi ya makaa, ambayo moto wake huupimi, ni vibaya zaidi. Mimi naifua, naitandaza juu ya taulo ikiwa katika vipimo vyake, naiacha ikauke.

Namba za sindano za kufumia zinahitaji maneno machache pia. Namba 4 ya kitabu ni milimita 4, basi. Sindano nyingi zinazotufikia kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, hasa zile za zamani, zina namba za Kiingereza, ambazo zinakwenda kinyume: namba inapopanda, sindano inakonda. Namba 8 yao ndiyo milimita 4, namba 11 ni milimita 3, namba 14 ni milimita 2. Anayefuata kitabu kwa sindano ya "4" ya Kiingereza atafuma blanketi badala ya triko ya mtoto. Ndiyo maana kitabu kinasisitiza ufume kwanza kipande cha kupimia cha sentimita 10 kwa 10 na kuhesabu mishono. Mabinti hawapendi kazi hiyo, wanaiona ni kupoteza uzi. Wafume tu. Mwezi wa sita na wa saba, usiku wa hapa unapokuwa baridi kwelikweli, hakuna anayetaka kugundua kwamba triko ya mtoto haipiti kichwani.

Krosheti sitaisemea sana, kwa vile mama zetu wa Lubumbashi hawahitaji kitabu kuwafundisha vitambaa vya makochi. Ila kina michoro mizuri ya pindo, na kinafafanua namba za nyuzi za pamba za DMC, ile kampuni ya Mulhouse, Ufaransa, iliyoanza mwaka 1746: uzi wa perlé namba 5 ni mnene kuliko namba 8, na 8 ni mnene kuliko 12. Ukishajua hilo unaweza kuchagua uzi wa bei nafuu wa unene uleule.

Sura ya konfitiri ni nzuri nusu. Matunda yake ni ya kwao. Mimi nina maembe, mapera, na masuku, matunda ya mwituni, yakifika msimu wake. Kanuni ya kilo ya sukari kwa kilo ya tunda inafanya kazi, ingawa kwa embe lililoiva ninapunguza sukari kidogo na kukubali kwamba bokali hiyo italiwa mapema. Mapera yanaganda yenyewe, embe halitaki kuganda. Ukichanganya mawili hayo na kukamua ndimu, unapata kitu ambacho watoto wanakula kwa kijiko nyuma ya mlango. Masuku nayachekecha kwanza kwa sababu ya mbegu.

Lakini kitabu kinasema konfitiri iko tayari ikifika nyuzi joto 105. Hiyo ni kwa watu wanaoishi usawa wa bahari. Lubumbashi iko juu, kwenye mita kama 1,200, na maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Ukingoja 105 hapa, utatoa peremende ya kuvunja meno. Ondoa nyuzi nne, au achana na kipimajoto na udondoshe tone kwenye sahani baridi: likikunjamana ukilisukuma kwa kidole, ondoa sufuria kwenye mbabula.

Urefu huohuo wa mji wetu ndio unaonileta kwenye sura ya hatari. Kuna kurasa kadhaa za kufungia mboga kwenye bokali: maharage ya kijani yale ya kuliwa na ganda lake, njegere, karoti. Unazijaza bokali, unamwaga maji ya chumvi, unafunga, unazichemsha ndani ya sufuria kubwa saa moja na nusu, kisha unaziweka kabatini hadi mwaka ujao. Picha zinavutia mno. Msifanye. Ndani ya udongo kuna kijidudu kinachoitwa Clostridium botulinum, na mbegu zake hazifi kwa maji yanayochemka, hata kule kwao kwenye nyuzi 100, seuze kwetu kwenye 96. Ili zife ndani ya chakula kisicho na uchachu, zinahitaji nyuzi 121, joto linalopatikana kwa mvuke wa presha, kama wanavyofanya viwandani. Zikibaki hai kwenye bokali iliyofungwa bila hewa, zinaamka na kutoa sumu inayolegeza misuli mpaka ile ya kupumulia. Na chakula chenyewe kinaweza kunuka vizuri, kikaonekana vizuri. Konfitiri haina shida hiyo kwa sababu ya sukari na uchachu wa matunda, wala achari ya siki. Nyanya ziko katikati, ziongezee maji ya ndimu. Mboga nyingine zote, kwangu mimi, zinakwenda juani. Kiangazi chetu hakina mvua, hewa ni kavu, na bibi zetu walikausha majani na uyoga bila kumuuliza mtu. Kurasa hizo za bokali nimezipiga mstari mwekundu, ili binti yangu atakapokirithi kitabu asije akajaribu.

Bustani inachekesha zaidi kuliko kuudhi. Mwandishi anaamuru nyanya zioteshwe mwezi wa tatu chini ya kioo, zihamishwe nje baada ya "watakatifu wa barafu", yaani Mamert, Pancrace na Servais, ambao sikukuu zao ni tarehe 11, 12 na 13 ya mwezi wa tano. Mwezi wa tano sisi mvua imeshaisha! Rafiki yangu mmoja alisema tusogeze tu kalenda miezi sita, kwa kuwa tuko kusini mwa ikweta. Haisaidii. Mwaka wao unagawanywa na baridi na joto, wetu unagawanywa na mvua. Kuanzia mwezi wa kumi na moja hadi wa tatu mvua inapiga, nyanya zinapata madoa na kuoza. Hapa nyanya nzuri ni za kiangazi na ndoo ya kumwagilia. Lengalenga (mchicha) na matembele kitabu hakivijui kabisa, wala havihitaji kujulikana naye. Nilichochukua kwenye sura hiyo ni kutengeneza mboji, kufunga nyanya kwenye mti, na kutorudisha kabichi pale ilipokuwa mwaka uliopita.

Tena kuna jambo la mji wetu ambalo hakuna kitabu cha Ulaya cha mama wa nyumbani kitakalokwambia. Shaba ilianza kuyeyushwa hapa mwaka 1911, na udongo wa mitaa iliyo upande ambao upepo unapeleka moshi umebeba madini yenye sumu, risasi na kadmiamu. Kuosha majani kunaondoa vumbi, hakuondoi kile ambacho mzizi umeshakunywa. Kama unaishi upande huo, lima mboga za majani kwenye vitanda au magunia ya udongo ulioletwa kutoka mbali.

Upishi nimeupita haraka: kila kitu kinaingia kwenye ovuni kwa namba 6 ya joto, na mimi ovuni sina.

Karatasi yake ni nzuri, ya zamani, haijageuka njano sana, lakini gundi ya mgongoni ilishakauka na kurasa zilikuwa zinatoka kwa mafungu. Nilizitoboa na kuzishona kwa uzi wa viatu, nikavalisha kipande cha kikwembe kilichobaki. Sasa kinakaa wazi mezani chenyewe bila kushikwa, jambo ambalo vitabu vipya havifanyi.

Ukikutana na kimoja cha namna hii, kabla hujaanza kuulizia bei, fungua mwisho kabisa. Vingi vilikuwa na mfuko wa karatasi wenye patroni kubwa zilizokunjwa, na mara nyingi ndizo zinazopotea au kuuzwa peke yake. Cha kwangu mfuko ulikuwepo, ila mikono ya gauni la saizi 42 haikuwemo. Kama mfuko ni mtupu na hakuna michoro ya miraba ndani, usipitishe elfu tano. Kama vyote viwili vipo, hata elfu ishirini mpe tu.