Bwawa la Hombolo kwa wavuvi wa mshipi
Tangu tuhamie Ihumwa, hapa Dodoma, nilikuwa natafuta pa kutupa ndoana bila kuchoma mafuta hadi bwawa la Mtera, kule mpakani na Iringa. Hombolo panafaa. Perege wapo, na kambale ndio usiseme: weka chambo cha minyoo, acha ndoana ilale chini kando ya matete, na mshipi ukianza kusogea taratibu usikurupuke kuvuta. Mwache ameze kwanza. Maji yana chumvichumvi, kwa hiyo beba ya kunywa. Kivuli ni cha kutafuta na upepo wa Dodoma mnaujua, fika alfajiri. Wenye mitumbwi wasalimie vizuri, watakuonyesha pa kukaa. Kwa perege wakubwa bado naipa Mtera, ila Mtera huendi ukitoka kazini.