Trela la boti la mtumba na breki zake: uzoefu wangu wa misimu miwili

Nilianza kuzishuku breki siku nilipokuwa nikiteremka kuelekea daraja la Mtwapa, boti nyuma yangu. Nakanyaga breki, pikapu inapunguza mwendo, mara nasikia "ko!" na trela linanisukuma kama mtu aliyenipiga kumbo foleni ya mkate. Nikajidanganya kwamba ni barabara. Nilipofika Kilifi nilishuka, nikashika kitovu cha gurudumu la kushoto: baridi. La kulia nusura linibabue kiganja.

Trela lenyewe limetoka Uingereza, ekseli moja, uzito wa juu kilo 1,300. Boti yangu ni ya faiba, futi 16, na pamoja na injini na mafuta haifiki kilo 900, kwa hiyo halijazidiwa. Aliyeniuzia alisema breki "ziko fiti kabisa, hata usiziguse". Kwa upande wa kutoguswa alisema kweli. Hazikuwa zimeguswa na mtu kwa miaka.

Breki za aina hii hazina umeme wala mafuta. Gari likipunguza mwendo, trela linakuja mbele kwa uzito wake, na bomba la pale linapoungana na gari linaingia ndani. Bomba linaivuta fimbo ndefu inayopita chini ya trela, fimbo inavuta nyaya mbili, mmoja kwa kila gurudumu, na nyaya zinatanua shuu, yaani vipande vya kusugua, ndani ya dramu, ile sufuria ya chuma inayozunguka na gurudumu. Ni breki ya baiskeli iliyonenepa. Ndiyo maana kila fundi huamini anaiweza.

Fundi wa kwanza, kijana mchangamfu, alilala chini, akaiona fimbo imelegea, akaikaza. Dakika 10, Sh1,500. Kwenda mbele trela likashika vizuri, hata nikampigia simu kumshukuru. Jioni, narudi kinyumenyume kuingiza trela langoni kwangu, ambapo pana mwinuko kidogo, magurudumu yakagoma. Tairi zikaburuta mchanga, watoto wa jirani wakakusanyika, na mimi ndani ya gari nikajifanya natafuta kitu kwenye dashibodi.

Baadaye ndipo nilipoelewa. Ukirudi nyuma, bomba la mbele linaingia ndani vilevile kama unapofunga breki, kwa hiyo dramu za trela hizi zimetengenezwa ili gurudumu likizunguka kinyume, shuu ijikunje na kuachia. Ukiikaza fimbo kupita kiasi, nafasi ya kujikunja inakwisha. Kijana hakutengeneza breki. Alihamisha ubovu kutoka mbele akaupeleka nyuma.

Fundi wa pili ni mzee aliyezoea injini za boti. Swali lake la kwanza: "Nani ameigusa fimbo hii?" Nikanyamaza. Akasema, "Mwanangu, breki hizi hupimwa kuanzia gurudumuni kuja mbele. Ukianza mbele, unafunika ugonjwa." Akalegeza kila kitu, akazichomoa nyaya zote mbili pale zinapokutana katikati ya trela, akaniambia nivute mwenyewe kwa mkono.

Waya wa kushoto haukusogea hata unywele. Wa kulia ulivutika, ila haukurudi.

Nililipia mambo mengi katika kadhia hii, lakini jaribio hilo la dakika mbili, ambalo halikuhitaji hata spana kubwa, ndilo lililoeleza yote. Kushoto kulikuwa baridi kwa sababu mvuto haukufika kabisa. Kulia kulikuwa moto kwa sababu shuu zilibaki zimetanuka, zikisugua dramu tangu Mtwapa hadi Kilifi. Gurudumu moja lilifanya kazi ya mawili, kisha likakosa pumziko. Na ule mlio wa "ko!" ulikuwa ni jambo lingine: shokabsoba iliyo ndani ya bomba la mbele imekufa. Mzee alifunga breki ya mkono, akalisukuma trela nyuma hadi bomba likaingia, akangoja. Likiwa zima linapaswa kurudi lenyewe polepole. Letu liliingia kama droo ya kabati na likabaki humo.

Dramu zilipofunguliwa, unga wa kutu ulimwagika chini. Shuu ya kushoto ilikuwa imetokwa na utando wake wote wa kusugulia, kwa sababu kutu ilikuwa imejijenga chini yake na kuubandua. Maji ya bahari hayo, kila unapozamisha trela kushusha boti. Hapa pia niligundua kwamba nati kubwa ya katikati kwenye ekseli kama yangu, yenye beringi zilizozibwa, hutumika mara moja tu. Ukishaifungua unafunga mpya, na inakazwa kwa spana ya kupimia nguvu. Mzee alikataa katakata kuirudisha ile kuukuu. Tukangoja wiki mbili na nusu mzigo ufike. Nilinuna, lakini sikubishana naye.

Basi niseme nilivyonunua na ninavyoviona sasa.

Nyaya mpya za chuma kisichoshika kutu, jozi moja, Sh17,000 pamoja na usafiri. Ghali. Zile za kawaida zingekuwa karibu nusu ya bei. Zina msimu mzima sasa na bado zinateleza kwa kidole. Ningenunua tena, ingawa shuu, springi na shokabsoba vilinigharimu zaidi na sikuwa na la kuchagua.

Kifaa cha kuoshea dramu ndicho ninachokisifu kuliko vyote. Ni vibomba viwili vinavyofungwa kwenye bamba la nyuma ya kila dramu. Unachomeka mpira wa maji, na maji yanapita ndani palepale kwenye shuu. Maelekezo yanasema "osha kwa maji safi kila ukitoka baharini", sentensi iliyoandikwa na mtu asiyeishi pwani yetu. Kisima chetu kina chumvi. Mwezi wa kwanza nilikuwa naosha chumvi kwa chumvi, na kuonja tone moja la maji yale kungenitosha kulijua hilo mapema. Sasa nanunua mitungi minne ya lita 20 kwa watu wa mikokoteni, namimina kwenye pipa juu ya paa la banda, na maji yanateremka yenyewe. Kasoro ya kifaa ni plastiki yake: jua limeshapasua kibomba kimoja, nikakibadilisha na cha shaba nilichochongewa.

Namna mzee alivyozirekebisha breki nimeiandika kwenye karatasi na kuibandika bandani. Trela juu ya jeki, fimbo na nyaya zote zimelegea. Zungusha gurudumu kuelekea mbele tu, kamwe si kinyume, huku ukikaza kijigurudumu cha meno kwa bisibisi kupitia tundu la nyuma ya dramu, mpaka tairi igome. Kirudishe hicho kijigurudumu kidogo hadi tairi izunguke bila kukwaruza. Vuta waya wa kila gurudumu kwa mkono mara kadhaa ili shuu zikae katikati, kisha pima tena. Nyaya hufuata. Fimbo ni ya mwisho, na hukazwa kiasi cha kuondoa ulegevu tu.

Kuna mazoea yangu mawili yaliyokuwa yakiniharibia. Nilikuwa nikifika tu mteremko wa feri ya zamani, moja kwa moja majini. Kitovu chenye moto kikikutana na maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji yapite kwenye sili. Siku hizi nakunywa kahawa kwanza. La pili ni Kusi, majira ya upepo mkali wa kusini. Boti ikipandishwa nchi kavu mwezi wa nne, nilikuwa nalifunga trela breki ya mkono na kuliacha hivyo miezi mitatu minne. Shuu zinashikana na dramu kwa kutu kama zilizochomelewa. Sasa breki naiachia, na magurudumu nayawekea kabari za mti mbele na nyuma.

Wenye trela za mtindo wa Marekani, zile za mafuta ya breki, kitovu chenu kikiwa moto upande mmoja anzieni kwenye mpira wa mafuta. Huvimba kwa ndani, mafuta yakapita kwenda na yasirudi.

Trela kwa jumla nalipatia alama tatu kwa tano, nyaya nne, kifaa cha kuoshea nne na nusu. Breki ya kushoto bado inalia kidogo asubuhi zenye umande. Mzee anasema ni shuu mpya zinazoeana na dramu ya zamani. Kitovu nimekishika baada ya kila safari tangu Oktoba na ni cha vuguvugu, sawa na mwenzake, kwa hiyo nimekiacha kilie.