Mahindi ya kula mwaka mzima Dodoma: mfuko, dumu, dawa au kihenge? Nimepanga njia za kuhifadhi

Huku kwetu mvua ni ya msimu mmoja, inaanza Desemba inaisha Aprili, kwa hiyo mahindi yanajaa sokoni mara moja tu kwa mwaka, mwezi wa sita mpaka wa nane hivi, halafu bei inapanda mdogomdogo mpaka Januari Februari ndo unashika kichwa. Kila mtu anajua anunue mwezi wa saba. Shida ni kuyafikisha hayo mahindi mwezi wa pili yakiwa bado mahindi.

Sisi tuko sita nyumbani, pembeni pembeni ya Nala, tuna kuku, mbuzi wawili watatu na kashamba ka nusu heka ambako mwaka mbaya hakatupi hata magunia mawili, kwa hiyo ya kula tunanunua. Mwaka juzi nilipata debe kwa 11,000 soko la mahindi la Kibaigwa, Februari iliyofuata mtaani kwetu likawa 20,000. Gunia ni debe sita, piga mwenyewe, 66,000 kwa 120,000. Kwa magunia sita hiyo ni 324,000, toa nauli ya fuso bado kuna ada ya mtoto humo ndani. Sasa mwaka wa nyuma yake nilinunua vilevile bei ya chini, nikajaza kwenye salfeti, yale magunia ya plastiki ya kusuka, nikachanganya na dawa ya duka moja la pembejeo, mwezi wa kumi na mbili naingiza mkono kwenye gunia unatoka mweupe kwa unga wa wadudu kama nimeshika chaki. Magunia mawili na nusu yalienda kwa kuku, na kuku wenyewe walikuwa wanachagua. Toka hapo nikaanza kujaribu vitu na kuuliza watu, na hii ndo orodha yangu, cha kwanza mpaka cha kunikimbiza.

Namba moja: mfuko wa tabaka tatu

Ndo ile watu wanaita mifuko ya PICS, wengine kinga njaa. Nje ni salfeti ya kawaida, ndani kuna mifuko miwili ya nailoni nzito. Ilitokea chuo kikuu cha Purdue kule Marekani, mwanzo ilikuwa ya kunde za wakulima wa Cameroon miaka ya 1980 mwishoni, baadae wakaona inafanya kazi kwa mahindi, maharage, karanga, mpaka mtama. Mimi nanunua 5,000 mpaka 6,000 kutegemea na duka na msimu, nunua mwezi wa tano kabla watu hawajaanza kugombania.

Inavyofanya kazi ni kitu chepesi sana, hakuna dawa yoyote. Ukifunga vizuri, wadudu waliomo wanavuta hewa iliyobaki mpaka inawaishia, wanaacha kula, wanaacha kuzaana, wanakufa humo humo. Ndo maana ukiuacha na hewa nyingi ndani au ukiufunga kwa kamba ya haraka haraka unakuwa umenunua salfeti ya bei mbaya tu.

Kufunga: jaza mfuko wa ndani kidogo kidogo huku unautikisa mahindi yajipange, usijaze mpaka shingoni, acha nafasi ya kusokota. Minya hewa yote itoke, sokota shingo, ikunje irudi chini, funga kwa mpira wa tairi uliokatwa, yaani ule wa baiskeli, ndo mzuri kuliko kamba. Kisha wa pili hivyo hivyo, na wa nje hivyo hivyo. Mara tatu. Mke wangu ananicheka navyokagua mafundo, lakini yeye ndo anayekula ugali mweupe Machi.

Kabla ya kujaza, upulize kila mfuko wa ndani kama puto, ukandamize uskilizie. Ukisikia upepo unatoka rudisha dukani. Na mahindi yapepete, maana vipande vya magunzi na vijiti vinatoboa nailoni. Hesabu yake sasa: mfuko nautumia misimu miwili, wa tatu kama haujatobolewa, yaani gunia moja linanigharimu kama 2,500 kwa mwaka. Gunia la kilo 100 likibunguliwa robo tu umetupa kilo 25, na kwa bei ya Februari hiyo ni zaidi ya 27,000. Hapo sioni cha kubishania.

Ubaya wake ni panya. Harufu haitoki sana kwa hiyo hawaukimbilii kama salfeti, ila panya wa Dodoma akiwa na njaa haangalii harufu, na tundu moja kazi yote imekwisha. Weka juu ya chaga, mbali na ukuta kama futi mbili, na fuga paka. Ubaya wa pili, sio mfuko wa kuchota kila siku. Kila ukifungua umewaletea wadudu hewa mpya. Sisi tunafungua mmoja, tunahamishia kwenye ndoo na madumu, tunakula mpaka uishe ndo tunagusa mwingine.

Namba mbili: madumu na mapipa ya plastiki yenye mfuniko

Hii ningeweza kuiweka ya kwanza kwa mtu mwenye familia ndogo au nyumba yenye panya sugu. Dumu la mafuta ya kula la lita 20 ulilonalo tayari, ukaliosha kwa sabuni na majivu likakauka juani siku mbili, ni kihifadhi kizuri kuliko watu wanavyodhani. Kanuni ni ile ile ya hewa: lijaze mpaka mdomoni kabisa, ligongegonge chini, ongeza tena, mfuniko ukaze na kipande cha nailoni chini yake. Likibaki nusu tupu hewa iliyomo inawatosha wadudu kuishi kama wafalme. Linaingia kama kilo 15, msilinganishe na debe la sokoni, lile linajazwa kichwa.

Kwa kunde, choroko, mbaazi na mbegu za kupanda Desemba mimi sitaki kitu kingine. Kunde hasa, kunde ukiziacha kwenye kiroba miezi mitatu unakuta kila punje ina dirisha.

Pipa la bluu lenye pete ya chuma linaingia kama kilo 150, ni la miaka mingi na panya atang'oa meno. Ila uliza lilibeba nini kabla. Yapo yaliyobeba kemikali za viwandani na muuzaji atakwambia ni juisi. Harufu ikiwa haieleweki hata baada ya kuosha, liache liwe la maji ya ujenzi.

Namba tatu: salfeti na dawa ya unga

Watu wengi ndo wanatumia hii na ndo iliyoniumiza, kwa hiyo nikubali nina kinyongo. Ikifanywa vizuri inafanya kazi. Dawa za unga kama Actellic Super zinataka gramu 100 kwa gunia la kilo 90 mpaka 100, mahindi yawe yameshapukuchuliwa, na uchanganye juu ya turubai kwa koleo mpaka kila punje iguswe, sio unamwaga juu ya gunia kama chumvi kwenye mchicha. Baada ya miezi mitatu minne nguvu inapungua na unatakiwa kurudia, hapo ukijumlisha dawa mara mbili na salfeti mpya unakuta hela imekaribiana na mfuko wa tabaka tatu, af na ugali una dawa.

Dawa feki zipo nyingi. Niliyouziwa mimi ilikuwa kwenye pakiti iliyofunguliwa, inapimwa kwa kijiko, na muuzaji ananiita "baba karibu, hii ya jana tu". Nunua pakiti iliyofungwa, angalia tarehe, dai risiti.

Na msidanganyike kuwa babu zetu walikaa na mahindi bila haya yote. Babu zetu hawakuwa na dumuzi. Yule mdudu mwembamba mweusi anayetoboa mpaka mbao za dari, ambae wengine wanamwita skania, sio wa kwetu, ametoka Amerika ya Kati akaonekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 akasambaa nchi nzima. Fukusi alikuwepo, lakini fukusi ana adabu kidogo. Dumuzi anasaga.

Namba nne: silo ya bati

Fundi bati mzuri anakutengenezea, ya magunia matano mpaka kumi na zaidi, mdomo juu na mlango mdogo chini wa kuchotea. Ukijaza unawasha mshumaa juu ya mahindi kwenye kisosi, unafunga na kuziba maungio, mshumaa unakula hewa mpaka unazima wenyewe. Ni kitu cha maisha, panya hapiti, mtoto hapasui. Nimeiweka ya nne kwa sababu ya bei tu, kwa anayenunua magunia sita ya kula ni pesa ya magunia kadhaa imelala pale kama bati. Kama unalima heka tano na unasubiri kuuza Januari, basi kwako hii ipande mpaka namba moja. Ikae kivulini ndani ya nyumba, sio uani, jua letu likipiga bati mchana na usiku ikapoa, ndani kunatoa jasho na mahindi ya juu yanaota kuvu.

Namba tano: kihenge na majivu

Mama mkwe wangu kule Mvumi hawezi kunisamehe kwa hii. Kihenge cha fito kilichokandikwa udongo, majivu, majani makavu ya mwarobaini, kwa uwele na mtama ni kizuri na hakina gharama, punje ni ndogo na dumuzi hazipendi kama anavyopenda mahindi. Mama anakula uwele wa mwaka juzi na hauna shida. Kwa mahindi hapana, miezi mitatu labda. Ila kuna akili hapa ya kubana matumizi ambayo watu wa mjini tumeisahau: badala ya kuhangaika kuhifadhi magunia sita ya mahindi, nunua manne na mawili ya uwele au mtama, ugali wake na mlenda unajulikana.

Za kunikimbiza: vidonge vya gesi

Vile vidonge vya kufukizia watu wanavyotupia kwenye magunia chumbani wanakolala. Gesi yake inaua watu, sio panya na wadudu tu. Ni kazi ya wataalamu kwenye maghala. Ukikuta jirani anauza kimoja kimoja kwenye karatasi usichukue hata bure.

Sasa kitu ambacho hakuna kifaa kitakusaidia nacho ni unyevu. Mahindi yawe chini ya asilimia 13 hivi. Kipimo cha bure: chukua chupa kavu ya maji, weka punje mpaka robo, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu kabisa, tikisa dakika moja, iache dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa mahindi bado, yarudishe kwenye turubai, na nasema turubai, sio kwenye udongo. Chumvi ikidondoka chini yote, funga. Mahindi mabichi kwenye mfuko usiopitisha hewa yanaoza na kuota kuvu, na kuvu huyo ndo analeta sumukuvu. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu hapa hapa Dodoma na Manyara, na sumu ile haiishi kwa kupika. Punje zilizobadilika rangi, zilizosinyaa, zenye ukungu, toa kabla ya kuweka, na usiwape kuku ukidhani umeokoa kitu.

Ukiwa Kibaigwa dai mizani, lumbesa (gunia lililojazwa kupita kipimo) na debe la kichwa vinachanganya watu hesabu pande zote mbili. Tafuta majirani watatu wanne mchange gari moja. Na kama mashine iko karibu saga dona, ukikoboa kama robo inaondoka na pumba, japo pumba zenyewe usimwachie mwenye mashine, njoo nazo kwa kuku.

Mfuko uliotobolewa usiutupe. Nailoni ya ndani ikiwa na tundu moja dogo ubandike kwa selotepu pande mbili uweke mkaa au pumba, ila mahindi usiyarudishe humo, nilijaribu, gunia la Novemba lilikuwa limeshaanza kutoa ule unga.